Ugali wa Jumamosi Saa Kumi

Sehemu ya sita

Jumbe zenu mhariri amenipa, na nimezisoma zote. Kuna baba mmoja wa Mafinga ameandika kwamba ningekuwa mke wake angenirudisha kwetu Tukuyu kwa miguu, tena na jiwe kichwani. Sawa, baba. Soma ya leo, utaongeza la pili.

Aliyefungua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, naitwa Lusekelo. Nina mtoto mmoja, Happy, wa miezi tisa. Kwa miaka miwili nilikuwa naonekana kwenye kituo kimoja kidogo cha runinga hapa Mbeya, kila Jumamosi saa kumi jioni, nusu saa nzima, nikiuza sufuria la umeme linaloitwa Mama Pumzika. Ndani yake kuna mkono wa chuma unaozunguka. Unatia maji, unatia unga, unabonyeza kitufe, unakwenda kumwogesha mtoto. Ukirudi, ugali umeiva.

Uongo mtupu.

Lile sufuria halijawahi kusonga ugali hata siku moja. Uji linapika, tena uji mzuri. Ila unga ukianza kuwa mzito, ule mkono unakwama, unanguruma, na unachopata ni uji wenye mawe. Basi tulikuwa tunakata picha. Naingia chumba cha nyuma, nausonga ugali mwenyewe kwenye jiko la mkaa mpaka mgongo unalia, naupakua ndani ya sufuria la bosi, nafutwa jasho, napakwa poda, halafu narudi mbele ya kamera nikitabasamu: "Mama, pumzika!"

Sehemu iliyopita niliwaacha mlangoni kwa mkuu wa vipindi, Liberatus, ambaye alikuwa ametuita mimi na bosi wangu Isihaka, mwenye masufuria.

"Kaeni," alisema Liberatus.

Kiti kilikuwa kimoja. Isihaka akakaa.

"Mzee, kipindi chenu kimeisha. Jumamosi iliyopita ndiyo ilikuwa ya mwisho."

"Kimeisha vipi? Si nalipia?"

"Unalipia, ndiyo. Mwaka juzi mlikuwa mnapigiwa simu sabini kwa kipindi kimoja. Jumamosi mmepigiwa ngapi?"

Isihaka akatazama dari kana kwamba jibu limeandikwa juu.

"Tatu," Liberatus akamjibia. "Wa kwanza aliuliza matokeo ya mpira. Wa pili alitukana, sirudii alivyotukana kwa sababu kuna mama hapa. Wa tatu ndiye aliyenunua."

"Kwa hiyo mmoja si mteja?"

"Mzee Isihaka, nani siku hizi anakaa saa kumi mbele ya TV asikilize habari za sufuria? Kijana yuko kwenye simu. Mama yake yuko kwenye simu. Bibi yangu mimi, yuko Vwawa, ana miaka themanini, yuko kwenye simu. Wale wa mikanda ya kupunguza tumbo wameondoka. Wale wa mafuta ya magoti wameondoka. Umebaki wewe na huyu binti na ugali wenu. Saa kumi naweka katuni."

"Katuni!" Isihaka alisimama. "Mimi nipishe katuni?"

"Angalau watoto wanaitazama."

Isihaka akampa mgongo. Akanigeukia mimi.

"Umeniua wewe! Tangu ujifungue huna sura ya kuuza. Unatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino!"

Nilimwacha aseme. Kwa kweli moyoni nilikuwa nashukuru. Nilijiambia, uongo umekufa wenyewe, sikuuua mimi wala hakuna aliyenikamata. Nitarudi masomo ya jioni, nitafanya mtihani wa kidato cha nne, nitatafuta kazi ambayo mtoto wangu ataweza kuisimulia mbele ya wenzake.

Furaha yangu haikufika hata mlangoni.

"Ila huyo mteja wa tatu msimpoteze," Liberatus alisema, akisoma karatasi yake. "Kaagiza masufuria matatu makubwa. Mama Filemoni, Mlandege, Iringa."

Nilishika ukuta.

Mama Filemoni ni mama mkwe wangu.

*

Wageni wa hadithi hii niwaeleze kidogo. Mimi na Filemoni hatujafunga ndoa, tulichukuana tu. Mama yake, Apolonia, ana mgahawa Mlandege, na katika nyumba yake kuna sharti moja: mke wa mtoto wake haingii jikoni mpaka akabidhiwe mwiko mbele ya ukoo. Kabla ya hapo wewe ni mgeni. Unakaa mkekani, unaletewa chai kwa heshima zote, na heshima hiyo inauma kuliko kofi. Na mwanao anaitwa "mtoto wa yule wa Mbeya."

Nimekaa kwenye ule mkeka mara nne. Mara ya kwanza niliomba nisaidie japo kuosha vyombo. Mama mkwe alicheka.

"Huyu ni Mnyakyusa, kakulia ndizi. Ugali atausonga na nini, na maganda?"

Nilichotaka ni ule mwiko tu. Kwa ajili yangu, lakini zaidi kwa ajili ya Happy, ili siku moja bibi yake amwite jina lake.

Nilimkimbilia Isihaka kwenye korido.

"Bosi, nakuomba. Yale masufuria matatu usiyatume."

"Kwa nini?"

"Ni mama mkwe wangu."

Uso wake ulifunguka kama dirisha. "Najua! Ameniambia mwenyewe kwenye simu. 'Huyo ni mke wa mwanangu,' anasema, 'naye kama anasema linasonga, basi linasonga.' Nimeshayapakia kwenye basi la asubuhi."

"Bosi!"

"Subiri, utamu bado. Jumamosi wana kipaimara cha mjukuu wake. Watu mia moja na thelathini. Nimemwambia nakuja mwenyewe na wewe, tunapika pale pale, tunarusha moja kwa moja kwenye simu. Liberatus akae na katuni zake. Sasa hivi biashara ni laivu."

"Moja kwa moja? Bila kukata?"

"Bila kukata."

"Na ugali atausonga nani?"

Akaufunga ule uso. "Hilo utajua wewe. Miaka miwili watu wameona sura ya nani? Yangu au yako?"

*

Nikaenda sokoni Mwanjelwa kununua nguo ya kumvalisha Happy siku ya sherehe. Sikufika hata kwenye nguo za watoto.

"Weeewe! Wewe wa sufuria!"

Alikuwa mwenye duka la vitenge, dada mmoja anayeitwa Nusrat. Alitoka nje bila hata kuvaa viatu.

"Ni wewe au si wewe?"

"Ni mimi, dada. Shikamoo."

"Usinipe shikamoo, nipe ugali wangu! Nilinunua lile balaa kwa sababu yako. Unajua kazi linalofanya sasa? Nimetia udongo, nimeotesha vitunguu. Ndiyo kazi pekee iliyokubali!"

Wauza duka wote wa mstari ule wakacheka. Mmoja akauliza kama vitunguu vinasongeka.

"Kila Jumamosi nilikuwa nakutukana kwenye TV," Nusrat akaendelea. "Unacheka tu, hunisikii. Leo unanisikia?"

"Nakusikia, dada."

"Haya. Ngoja nianze upya."

Akaanza upya. Happy mgongoni alidhani ni wimbo, akawa anapiga makofi.

Nilirudi nyumbani bila nguo, nikampigia Filemoni. Yeye ndiye aliyekuwa dereva wa bosi, akipeleka masufuria kwa wateja, ndipo tulipojuana. Sasa yuko kwao Iringa anatafuta kazi nyingine. Jumamosi za zamani alikuwa anakuja chumba cha nyuma nikimaliza kusonga, anakula ugali uliobaki. Alikuwa anajua kila kitu.

"Fili, kwa nini ulimwacha mama anunue?"

Nikasikia anafunga mlango.

"Fili?"

"Sikumwacha. Namba ya kupiga nilimpa mimi."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Wewe?"

"Luse, sikiliza. Mama alikuwa anakutazama kila Jumamosi. Anawaita majirani. Anasema, 'Tazameni ugali ule, umesimama kama kichuguu, yule ni mke wa Filemoni.' Hajawahi kukusifia hata siku moja, leo anakusifia! Nikasema akiagiza kwako, ndiyo itakuwa mwisho wa maneno. Na kweli. Ametangaza kwamba siku ya kipaimara atakukabidhi mwiko. Mbele ya ukoo wote. Kwa sababu ya TV, Luse!"

"Na wale akina mama wawili wanaomsongea ugali mgahawani?"

"Mama Ombeni na mwenzake? Kawaachisha jana. Anasema masufuria yako njiani."

Nikakaa chini sakafuni.

"Mwambie ukweli, Fili. Leo. Bado siku tatu, atawarudisha."

"Hapana."

"Basi nitamwambia mimi."

Sauti yake ikabadilika. Sikuwahi kuisikia ile sauti.

"Ukimwambia, sema ni wewe na Isihaka. Mimi sikuwepo. Mama akijua nilijua, ataniondoa kwenye moyo wake, namfahamu, alimwondoa kaka yangu. Ukinitaja, Luse, baki na mtoto wako huko huko Mbeya. Usinitafute."

Akakata simu. Happy alikuwa ananyonya, ananitazama kwa jicho moja.

*

Ijumaa mchana nikabisha hodi Mlandege.

"Kamwene," mama mkwe akaniamkia kwa Kihehe.

"Kamwene, mama." Nikapiga magoti.

"Nyanyuka, mtu wa TV. Usichafue gauni."

Alikuwa amekonda. Mkono wa kulia ameufunga kwa kanga shingoni. Nikauliza kuna nini.

"Bega. Tangu Januari. Dokta anasema miaka thelathini ya kusonga ugali, bega limekwisha. Sasa mgahawa nifunge? Ndiyo nikakuona wewe unasema, mama, pumzika. Nikasema, kumbe huyu mtoto ananisema mimi."

Jamani. Nimetukanwa na Nusrat, nimetukanwa na Isihaka, nimetishwa na baba wa mtoto wangu. Hakuna lililonichoma kama hilo.

"Mama, nina neno," nikasema.

Kabla sijalitoa, mlango ukafunguka. Akaingia wifi yangu Devota, dada yake Filemoni, na tenga la nyanya kichwani. Anauza nyanya Ilula, kando ya barabara kuu, na ulimi wake umenolewa na abiria wa mabasi. Binti yake, Faustina, ndiye wa kipaimara.

"Ahaa, kafika." Akatua tenga. "Wifi, sufuria lako nimelijaribu jana."

Nikajifanya naangalia nyanya.

"Nimetia maji, nimetia unga, nimebonyeza. Limenguruma kama lori linapanda mlima Kitonga, halafu likanipa uji wenye mawe. Nimempa mbwa. Mbwa amenitazama."

"Umeliwasha vibaya," mama mkwe akasema.

"Mama, lina kitufe kimoja!"

"Nimesema umeliwasha vibaya! Kitu kina mwenyewe, na mwenyewe huyu hapa. Kesho atatuonyesha sote. Wewe tangu zamani huna subira." Akanigeukia. "Ulikuwa na neno gani, mama Happy?"

Mama Happy. Aliliita jina la mwanangu. Kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo ningesema. Palikuwa na nafasi, palikuwa na watu watatu tu, Mama Ombeni anakaa nyumba ya nne kutoka pale. Neno lilikuwa mdomoni kabisa.

"Nilitaka kusema asante, mama," nikasema.

Nitukaneni. Nimewapa sababu.

*

Siku ya Jumamosi, ukoo ulirudi kutoka kanisani saa sita. Turubai limejaa. Nyama iko tayari, mboga tayari, nyanya za Devota zimegeuka mchuzi. Faustina na gauni lake jeupe anapigwa picha. Baba mdogo Yotamu, mkubwa wa ukoo aliyebaki, amewekwa kiti cha mbele. Kwenye meza, Mama Pumzika watatu wamepangwa kama maharusi.

Na mama mkwe ameketi pembeni ya baba mdogo, mapajani ana kitu kirefu kimefungwa kwa kitenge kipya. Nilikijua bila kufunguliwa.

Isihaka alikuja na suti na simu yake juu ya mguu wa chuma.

"Tuko laivu!" akapiga kelele. "Karibuni ndugu watazamaji, tuko hapa Iringa, na yule yule dada yenu wa Jumamosi saa kumi! Ingieni, ingieni, andikeni maoni, mimi nayasoma!"

Watazamaji arobaini. Wakawa mia na kumi.

Mzee wa watu amezoea TV, ambako yeye anaongea na dunia inanyamaza. Alikuwa anayasoma maoni kwa sauti kabla hajayaelewa.

"Aroni wa Makambako anasema... 'Wezi nyie.'" Akakohoa. "Asante, Aroni. Mwingine wa Uyole anasema, 'Langu nafugia vifaranga.' Eeh. Watu wanapenda utani. Dada, weka unga!"

Nikaweka maji. Nikaweka unga. Nikabonyeza. Uso unatabasamu. Uso wangu ulishazoea.

Sufuria la kwanza lilizunguka vizuri mpaka uji. Nikaongeza unga. Likanguruma, likakwama.

"La pili!" Isihaka akasema huku ameuma meno.

La pili likanguruma, likatoa moshi kwa chini. Watoto wakashangilia.

"Kata!" Isihaka akapiga kelele. "Kata! Kata!"

"Ukate nini, mzee?" Devota akauliza. "Si umesema laivu?"

Turubai likacheka, halafu likaacha kucheka, kwa sababu watu walianza kuelewa kwamba wana njaa. Watazamaji mia nne. Devota alikuwa na simu yake mwenyewe sasa, anasoma yale ambayo Isihaka anayaruka.

"'Mwambieni huyo dada ale huo uji wake.' 'Bibi yangu alinunua, akalia.' 'Muwekeni ndani.' Nusrat wa Mwanjelwa anasema, 'Nawapa vitunguu, njooni mchukue.'"

Baba mdogo Yotamu akagonga fimbo chini.

"Nyama inapoa. Apolonia, ugali uko wapi?"

Mama mkwe alinyanyuka na kile kitenge mkononi. Akaja mpaka mezani. Akatazama ndani ya sufuria la kwanza, akatazama ndani ya la pili, la tatu hakulitazama.

"Mama Happy. Kwenye TV liliiva. Hapa limekataa. Kwa nini?"

"Sema umeme mdogo," Isihaka akaninong'oneza, mdomo haufunguki. "Sema umeme mdogo, watu wote wanakubali umeme mdogo."

Na wangekubali. Hata mama mkwe nadhani alikuwa anataka nimpe umeme mdogo. Nilimtafuta Filemoni kwa macho. Alikuwa amesimama kwenye nguzo ya turubai, amembeba Happy. Happy aliponiona akaninyooshea mikono yote miwili, kama ninavyomfanyia mimi nikitoka kazini.

"Halijawahi kuiva, mama," nikasema.

"Sijakusikia."

"Halijawahi kuiva. Sufuria hili halisongi ugali. Tulikuwa tunakata picha. Ule ugali wa kila Jumamosi nilikuwa nausonga mimi, kwa mkono, chumba cha nyuma, halafu tunaupakua humu."

Isihaka akairukia simu yake aizime. Devota akamwahi, akaing'oa na mguu wake wa chuma.

"Iache hii. Leo wasikie."

Mama mkwe hakuwa ameondoa macho usoni kwangu.

"Wewe? Mtu wa ndizi?"

"Mimi, mama."

"Ugali ule uliosimama? Niliokuwa nawaitia majirani?"

"Mimi."

"Kwa mkono huu?" Akaweka kitenge mezani, akanishika kiganja, akakigeuza, akakitazama. Kuna sugu pale, hapa chini ya vidole. Alizipitishia kidole chake moja moja. Halafu akautupa mkono wangu kama kitu kilichooza.

"Miaka miwili unanidanganya ndani ya nyumba yangu, kwenye kioo changu! Nimewaachisha watu kazi kwa ajili ya ulimi wako! Jana nimekuuliza una neno gani, ukasema asante! Asante ya nini? Ya bega langu? Nyoka mkubwa!"

"Ndiyo, mama."

"Usinikubalie! Mwongo hapewi mwiko katika nyumba hii. Chukua mtoto wako, uende."

"Apolonia." Baba mdogo Yotamu hakupaza sauti. "Amekudanganya, sawa. Atakwenda, sawa. Lakini watu mia moja na thelathini watakwenda na nini tumboni? Wewe bega huna. Mama Ombeni na mwenzake umewafukuza, nimewaona asubuhi wanapanda gari la kwenda kwao Kilolo. Devota ugali wake tunaufahamu wote."

"Baba mdogo!" Devota akasema.

"Tunaufahamu, mwanangu. Anayejua kusonga hapa nani?"

Nyuma, mtoto mmoja akaanza kulilia chakula. Moto wa kuni ulikuwa unawaka bure uani, sufuria kubwa la sherehe limeinamishwa pembeni, halina kazi.

"Nitausonga, mama," nikasema. "Wote. Halafu nitaondoka, sitakuomba kitu."

Mama mkwe akautazama ule moto. Halafu akaanza kukifungua kile kitenge, kwa mkono wa kushoto, taratibu, mpaka mwiko ukaonekana. Ulikuwa mrefu kama mkono wa mtu mzima, mweusi kwa miaka, ncha imelika upande mmoja. Ulikuwa wa mama yake.

Akaninyooshea.

Nikaushika. Lakini yeye hakuuachia. Tukawa tumeushika wote, yeye huku, mimi huku.

"Swali moja," akasema. Sauti yake ilikuwa chini sana, hata simu sijui kama iliipata. "Mwiko huu haushikwi na uongo. Ukinijibu kweli, ni wako, na hasira yangu utaikuta hapa hapa nyumbani, tutapambana nayo sote. Ukinidanganya, nitaona. Utatoka na mtoto kabla sahani hazijaoshwa."

"Uliza, mama."

"Namba ya kupiga kule kwenu nilipewa na Filemoni. Na Filemoni alikuwa dereva wa mzee huyu. Kila Jumamosi alikuwa kwenu." Akauvuta mwiko kidogo. "Mwanangu alijua?"

Devota akaisogeza simu karibu. Watazamaji mia tisa.

Nilitazama kwenye nguzo. Filemoni alikuwa anatikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Macho yamejaa maji. Happy alikuwa amelishika sikio la baba yake, analivuta, anacheka.

Mwiko ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiria. Nikaushika kwa mikono miwili.

"Mama," nikasema.

(Itaendelea)